Jumamosi Bwana Tochi Alipokuja Sinema

Harufu ya mbegu za pamba haitoki ukutani. Hata ghala lipakwe chokaa mara ngapi, hata sakafu imwagiwe maji na kufagiliwa kila siku, mafuta ya zile mbegu hukaa ndani ya matofali kama jasho kwenye kola ya shati la mkulima, na jua likiwa kali hutoka yakakujia puani, mazito, matamu kidogo, yamechanganyika na vumbi. Ndivyo lilivyonukia ghala la Bwana Nassoro pale Kahama mjini nilipokuwa msichana wa darasa la nne. Pamba ilikuwa imehamishiwa kwingine zamani, na Bwana Nassoro, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara akaoa Tabora, aliona ghala tupu ni hasara. Akanunua mashine ya sinema iliyokwisha kutumika, akapanga mabenchi, akatundika shuka kubwa jeupe la kitambaa cha marekani. Shuka hilo alilishona baba yangu. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili giza liingie alasiri, lakini mabati ya juu yalikuwa na matundu mengi ya misumari, na jua lilipenya humo kwa nyuzi nyembamba, kiasi kwamba kila sinema tuliyoitazama, hata ya mambo ya mchana, ilikuwa na nyota. Nje jenereta lilinguruma. Ndani watu walitafuna karanga, watoto walifinywa ili wanyamaze, na mbele kabisa, kando ya shuka, alisimama baba na kijiti chake akitufasiria.

Baba alikuwa fundi cherehani. Siku za wiki alikaa barazani kwa Bwana Nassoro akishona sare za shule na kanzu, na kubana suruali za vijana. Kiingereza alikipata ujanani, alipokuwa boi wa jikoni kwa Wazungu wa migodi ya almasi upande wa Shinyanga. Alisema alijifunza lugha hiyo akiwa amegeuzia watu mgongo, akiosha vyombo, maana mtu anayeosha vyombo hakuna anayemficha neno. Kiswahili kilikuwa cha kwao, Kisumbwa alikipata kwa mama yangu aliyetoka Masumbwe, na Kisukuma alikipata sokoni. Lakini kujua lugha ni jambo moja na kufasiri sinema ni jambo lingine. Baba alikuwa na sauti nyingi. Mwanamke akilia kwenye shuka, baba alilia. Farasi akikimbia, ulimi wa baba ulikimbia naye. Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida, anayepoteza mkasi akiwa ameushika, lakini Jumamosi alasiri nilimtazama nikaona fahari iliyonifanya niketi wima. Watu wakiniuliza mimi ni mtoto wa nani, sikusema wa Ramadhani fundi. Nilisema wa yule anayesema sinema.

Huo ulikuwa mwaka wa kuhama. Walio wa rika langu wanaujua, na walio wadogo wameusoma vitabuni, ambamo umeandikwa kwa mistari michache. Watu wa vijijini waliambiwa waache makazi yao yaliyotawanyika, wakae pamoja kwenye vijiji vipya kandokando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Wengine walikwenda kwa hiari. Wengine walikuja kuchukuliwa na malori, na nyuma yao nyumba zikaezuliwa au kuchomwa ili wasirudi. Sisi wa mjini hatukuhamishwa, tuliona tu malori yakipita na vitanda vya kamba, mitungi, kuku waliofungwa miguu, na vizee vilivyokaa juu ya mizigo vikitazama vilikotoka. Upande wetu shughuli hiyo ilisimamiwa na kijana mmoja kutoka mkoa wa mbali, mtanashati, mwenye adabu, ambaye hakujua Kisukuma hata salamu. Alitembea na tochi ndefu ya betri nyingi, ameibana kwapani hata jua la saa sita. Nadhani mtu aliwahi kumwambia kwamba vijijini kuna giza. Watu walimwita Bwana Tochi, nyuma ya mgongo wake bila shaka, na jina lilienea mpaka wengi hawakujua kama ana lingine.

Katika waliohamishwa alikuwamo Bibi Kabula. Alikuwa mjane wa Kisukuma, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kijiji alichopelekwa hakikuwa na maji wala nyumba, kilikuwa na vigingi tu vilivyoonyesha kila mtu ajenge wapi, naye hakuwa na mtu wa kumjengea. Alitembea mpaka mjini akaketi kwenye baraza ya Bwana Nassoro kukwepa mvua, na baba, aliyekuwa akifunika cherehani, akamsalimia kwa Kisukuma. Hakuondoka tena. Mama alimpa kile kichumba cha nyuma tulichowekea mkaa, naye akaanza kukaanga karanga na kuziuza mlangoni pa sinema. Simkumbuki akilalamika. Nakumbuka jinsi alivyokaa jioni akitazama upande wa magharibi. Nilipomuuliza anatazama nini, alisema kaburi la mumewe liko huko, na majani yamekwisha kulifunika, na mtu akirudi atakamatwa. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Ile sinema ililetwa na basi kama nyingine zote, ndani ya makopo ya bati yaliyobonyea. Ilikuwa sinema ya kuchekesha, ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, lakini Jumamosi ya kwanza hakuna aliyejua kwamba ni ya kuchekesha. Chombo mfano wa kifuniko cha sufuria kilishuka kutoka angani kikatua katikati ya shamba la mahindi la mji mdogo. Wakatoka watu wenye vichwa kama maboga yaliyomenywa, wamevaa mavazi ya kung'aa, wanatembea kwa mstari. Mkubwa wao alikuwa na bomba la chuma mkononi. Akimmulika mtu kwa mwanga wa bomba hilo, mtu husahau alichokuwa akikataa, hutabasamu, na kuanza kusema ndiyo kwa kila neno. Meya wa mji, mwenye kitambi na mkufu shingoni, aliwaandalia karamu na kuwasomea hotuba ndefu, na wakati yeye anasoma wageni walikuwa wakibeba kiti chake. Walipima mitaa kwa kamba. Waliitisha mikutano. Waliwapanga wenyeji kwa urefu, wakawatoa majumbani mwao wakawaweka kwenye mapipa yaliyopangwa safi safi, huku mkubwa wa wageni akiwaeleza kwamba huko ndiko kuzuri zaidi. Wazungu waliotengeneza sinema ile walikuwa wakiwacheka wakubwa wao, leo nalielewa hilo vizuri. Lakini siku ile ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu wa vijiji vipya waliokuja mjini gulioni, na baba alifasiri kama kawaida, kwa Kiswahili halafu kwa Kisukuma, na hakuna aliyecheka.

Ndipo Bibi Kabula, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia lake la karanga, alipouliza kwa Kisukuma, kwa sauti yake ile, "Na wale wenye nyumba, wamepelekwa wapi?"

Sinema iliendelea kusema peke yake. Niliona kijiti cha baba kimeshuka, na nikadhani amesahau neno. Kisha akaugeukia ukumbi, akainua kidevu, na kwa sauti ya puani, sauti ya yule mkubwa wa wageni lakini kwa Kisukuma kilichovunjikavunjika cha mtu wa mbali, akajibu, "Bibi, usihofu! Wamepelekwa karibu na barabara, ili iwe rahisi kuwaletea maendeleo!"

Mtu mmoja nyuma alitoa mguno kama aliyekabwa na mfupa. Mwingine akafuata. Halafu kicheko kikapasuka, na mimi sijasikia tena kicheko cha namna ile maishani mwangu. Hakikuwa cha furaha. Watu walishika matumbo, walipigana mabegani, walilia. Mzee mmoja alivua kofia akaiuma. Baba alipoona hivyo hakurudi nyuma tena. Meya akasoma hotuba, na baba akamsemea, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Chukua kiti, chukua nyumba, chukua na mke wangu, mimi nitakaa kwenye pipa, pipani ni kuzuri!" Mtu akimulikwa kwa bomba, baba alisema kwa unyenyekevu, "Ndiyo bwana, sikumbuki nilizaliwa wapi, nadhani nilizaliwa hapahapa penye kigingi." Nilimgeukia Bibi Kabula. Alikuwa ameweka sinia chini, amejifunika uso kwa kanga, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia nikamwendea. Aliondoa kanga, akaonyesha meno yake machache, akasema, "Wabeja, wabeja sana," asante, asante sana, ingawa mimi sikuwa nimempa kitu.

Jioni hiyo mama hakufurahi. Alikuwa amesikia kila kitu kwa jirani kabla baba hajafika nyumbani. Alimwekea ugali na mlenda, akasimama amejishika kiuno. "Baba Zuhura," akasema, akimwita kwa jina langu, "mdomo uliponza kichwa. Una watoto wanne."

"Sikumtaja mtu," baba akajibu. "Nilifasiri sinema."

"Ulifasiri yaliyosemwa au yasiyosemwa?"

Baba alitafuna kwanza. "Bibi Kabula amecheka leo," akasema. "Miezi yote aliyokaa hapa, wewe umewahi kumsikia akicheka?" Mama alichukua kibuyu akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Kwa kawaida sinema ilikaa kwetu Jumamosi moja, kisha basi likaichukua kuipeleka mji mwingine. Lakini mvua za mwaka huo zilikata barabara, mabasi yakakwama matopeni, na Bwana Nassoro akabaki na makopo yaleyale. Jumamosi ya pili watu walifika kutoka vijiji ambavyo sikuvijua, wengine wametembea tangu alfajiri, wanawake na watoto mgongoni, viatu vimening'inizwa shingoni visiliwe na tope. Hawakuja kutazama sinema, walikuja kumsikia baba. Walijua tayari wapi pa kuchekea. Mkubwa wa wageni alipoinua bomba lake, Bibi Kabula akapaza sauti, "Tochi!" na ukumbi wote ukaitikia, "Tochi! Tochi!" Baba hakuwafundisha neno hilo. Nilikuwapo, nilimwona akishtuka, kisha akicheka pamoja nao. Bwana Nassoro, aliyekuwa akiuza tiketi huku akitabasamu, aliacha kutabasamu. Alimvuta baba pembeni baada ya watu kutawanyika, akamwambia, "Fundi, punguza chumvi. Mimi nina leseni ya biashara." Baba akasema atapunguza.

Jumamosi ya tatu, Bwana Tochi alikuja mwenyewe. Aliingia na wenzake wawili wa ofisini, viatu vinang'aa licha ya matope, tochi kwapani. Aliwasalimia wazee kwa shikamoo, mmoja mmoja, kwa heshima kamili. Bwana Nassoro alimletea kiti cha nyumbani kwake chenye mto, akakiweka mbele kabisa. Nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu ya baba, nikaona kanzu yake ikitetemeka kidogo upindoni, kama nguo iliyoanikwa. Magunia yakashushwa madirishani, jenereta likanguruma, na baba akaanza. Alifasiri kikavu kama muhogo uliokaushwa. Chombo kimetua. Wageni wametoka. Meya anawakaribisha. Kwa Kiswahili kwanza, kwa ajili ya mgeni wa heshima, halafu kwa Kisukuma, maneno yaleyale bila nyongeza. Watu waliotembea tangu alfajiri walikaa kimya wakimtazama, na katika kimya kile nilisikia wanavyomhurumia. Lakini Bwana Tochi alikuwa anacheka. Sinema ilikuwa ya kuchekesha kweli, na yeye alijua Kiingereza kuliko sisi sote. Alicheka kwa moyo safi, kama kijana yeyote, alipoona meya akinyang'anywa kiti.

Kisha mkubwa wa wageni akainua bomba. Sijui kama Bibi Kabula alisahau, au hakuona nani ameketi mbele, macho yake yakiwa na utando. Alipaza sauti kama wiki iliyopita: "Tochi!"

Ukumbi ulipasuka. Walikuwa wamezuia kicheko tangu mwanzo, nacho kilitoka kama maji yaliyovunja tuta. Bwana Tochi naye akacheka, akamgeukia baba. "Fundi," akauliza, "mbona wanasema tochi?"

"Wanasema lile bomba, bwana," baba akajibu. "Wanaona linafanana na tochi."

"Kweli linafanana!" akasema kwa furaha, na ili kuwaonyesha kwamba amewaelewa, akachomoa tochi yake kwapani akaiinua juu, akaiwasha, akaisogeza sambamba na bomba la kwenye shuka.

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Mwanga wa tochi ulipiga kwenye shuka juu ya kichwa cha yule mkubwa wa wageni, na chini yake alisimama kijana mtanashati, mkono juu, akitabasamu, akiwatazama watu kwa zamu, akitafuta mtu wa kumweleza mzaha. Polepole tabasamu likamtoka. Niliona mahali hasa lilipomtoka, kwenye pembe za macho kwanza. Mkono ulibaki juu kwa muda, kama wa mtu aliyesahaulika kwenye mkutano. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fungueni madirisha."

Magunia yakaondolewa, jua la alasiri likaingia, na kila mtu akawa anatazama vidole vya miguu yake. Picha ilifutika, likabaki shuka jeupe la baba, na ndani yake Wazungu waliendelea kusemezana bila kuonekana mpaka Bwana Nassoro alipozima mashine. Mwisho wa sinema ile hatukuuona siku hiyo. Kesho yake barabara ilipitika, makopo yakaondoka.

Jumatatu walikuja watu wawili barazani. Baba alikuwa akishona sare ya shule ya rangi ya bluu. Mmoja wao alimwambia kwa upole, "Chukua koti, fundi, huenda tukachelewa kidogo." Baba aliinua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, akaitazama ile sare, akaona bado mkono mmoja, akauteremsha mguu tena. Alivaa koti. Alinipita nikiwa nimesimama kwenye ngazi na chupa ya chai, akanigusa kichwani, akasema, "Mwambie mama yako nimekwenda ofisini." Sikumwona tena mpaka mtama ulipokuwa umevunwa.

Mama alikwenda huko ofisini kila siku na chakula, akarudi nacho. Aliambiwa ni uchochezi, ni kukashifu viongozi mbele ya umma. Bibi Kabula alimtazama mama akienda na kurudi kwa juma zima, kisha asubuhi moja akaoga, akajipaka mafuta, akavaa kanga yake ya kuendea misibani, akaniambia tufuatane. Mama alikuwa gengeni. Njiani aliniambia anakwenda kusema kwamba neno lile lilikuwa lake. Hakujua Kiswahili cha kutosha kulisema, na mfasiri wa mji mzima alikuwa ndiye aliyefungwa, kwa hiyo nilipaswa kumsemea mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Niliogopa, lakini niliona pia kwamba ni kazi ya baba, na kwamba nimeirithi.

Karani wa mlangoni alituambia hatukuitwa. Bibi Kabula aliketi sakafuni hapohapo mlangoni, miguu ameinyoosha, na watu wakawa wanamruka. Hatimaye Bwana Tochi alitoka ndani. Alipomwona mzee yuko chini aliinama. "Shikamoo, bibi," akasema.

"Malahaba," akajibu Bibi Kabula, na hapohapo akaanza kusema, haraka, akijipiga kifuani. Nami nikafasiri, neno kwa neno, kama nilivyomwona baba akifanya siku ile ya kuogopa. "Anasema ni yeye aliyesema tochi. Anasema fundi hakusema. Anasema amezeeka, hana ng'ombe, hana nyumba, hana kitu cha kuogopa kuchukuliwa, basi afungwe yeye, fundi arudi kwa watoto wake."

Bwana Tochi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na hasira, na mpaka leo ndilo linalonisumbua zaidi. Alimtazama yule kikongwe kwa huruma, akatikisa kichwa, akamgeukia karani. "Unaona?" akasema. "Bibi wa watu hata Kiswahili hajui. Angelitoa wapi neno kama hilo? Mpaka vikongwe amewafundisha. Andika hilo."

Kisha akanipa mkate wa siagi kutoka mezani kwake, akaniambia nimrudishe bibi nyumbani, jua ni kali. Njiani Bibi Kabula aliniuliza, "Amesemaje? Atamwachia?" Nilisema, "Yaya." Hapana. Ule mkate niliushika mpaka siagi ikayeyuka mkononi, na tulipofika nyumbani mama aliuchukua akawatupia kuku.

Bibi Kabula hakukaa tena sana. Alisema kivuli chake ndicho kilichomletea mwenye nyumba balaa, na ingawa mama alimshika mkono na kumsihi, alifunga sinia lake na sufuria akarudi kwenye kile kijiji cha vigingi. Tulimtembelea mara moja. Alikuwa amejengewa kibanda cha mabua na vijana wa jirani, bomba la maji lilikuwa limesimamishwa bila maji, naye alituchekea kidogo kwa adabu. Kiangazi kilichofuata tulisikia amefariki. Walimzika hukohuko kando ya barabara.

Baba alirudi mwembamba, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Majirani walikuja kumpa pole, wakaketi wakingoja awasimulie, maana huyu alikuwa mtu wa kusimulia hata safari ya kwenda kisimani. Alisema, "Alhamdulillahi, nimerudi." Wakangoja. Akasema tena, "Alhamdulillahi." Basi. Ghala lilikuwa limejazwa magunia ya unga wa mgao, Bwana Nassoro amehamia kwa ndugu zake Tabora, na cherehani lilikuwa limeuzwa ili tule. Baba hakumwuliza mama aliliuza kwa nani. Alikatazwa kusema mbele ya mkusanyiko wowote, lakini nadhani hata wasingemkataza ingekuwa vilevile. Sauti zake zote zilikuwa zimebaki huko. Ilibaki moja, ya chini, ya kuomba chumvi au kuuliza saa. Mama alianza kumsemea, kwa mgeni, kwa mwenye duka, kwa daktari, mpaka tukazoea kumwuliza mama baba anataka nini hali baba yupo palepale.

Miaka ile habari za dhahabu zilipoenea, alifuatana na wachimbaji wadogo kwenda Bulyanhulu. Alikuwa mtu mzima, hawakumshusha shimoni. Walimpa kazi ya kutwanga mawe kwenye kinu cha chuma na kuosha unga wake kwenye karai. Vumbi lile likaingia kifuani. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu nilipomtembelea huko likizo moja, nikamkuta ameketi na wenzake kwenye kibanda cha turubai ambamo kijana mmoja alikuwa ameleta video na jenereta. Picha ilikuwa ya watu wa angani, si ile yetu, nyingine, wenye macho makubwa na vyombo vya moto. Wachimbaji walikuwa wakibishana wanasema nini. Mzee mmoja kutoka Kahama akamtambua baba, akapiga kofi kwa furaha. "Jamani, mtu mwenyewe si huyu hapa! Fundi Ramadhani! Baba Zuhura, tufasirie!" Wote wakamgeukia. Nami, mtu mzima niliyesomea ualimu, nikajikuta nimeketi wima. Baba alitazama kioo kile, akakohoa. Akasema, "Mimi lugha hiyo siijui."

Alifariki akiwa nyumbani, mikononi mwa mama, na hata siku hiyo ni mama aliyetueleza kwamba ameomba maji.

Siku hizi Kahama ni mji mkubwa. Lilipokuwa ghala pana duka la vifaa vya ujenzi, la ghorofa, na kijana anayeuza saruji hapo hajui kwamba paliwahi kuwa na sinema. Wajukuu wangu hutazama filamu za kigeni kwenye simu, zimetafsiriwa na vijana wenye sauti nzito wanaoingiza mizaha yao katikati, na hucheka mpaka chai inawatoka puani. Wananiambia, bibi, siku hizi mtu anasema anachotaka. Husikiliza nami. Wale vijana wana vipaji, siwezi kuwanyima haki yao. Huwatania walevi, mama mkwe, wanaume wanaokimbia wake zao. Hukaa humo humo. Nimesikiliza sana nikingoja mmoja wao atoke kidogo nje ya uzio, na bado sijamsikia. Ama masikio yangu yamezeeka.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama mdogo wangu aliyeolewa upande wa machimboni, nikakuta wameitwa mkutanoni. Eneo lao lilikuwa linahitajika, nao walitakiwa kuhama. Mgeni aliyekuja kuwaeleza alikuwa na adabu, ana kipaza sauti kizuri, alisalimia wazee kwanza. Kando yake alisimama kijana wa palepale, akifasiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na alifasiri vizuri mno, neno kwa neno, jasho linamtiririka. Watu walisikiliza kimya, wakashukuru, wakatawanyika. Nilimngoja yule mfasiri amalize kukunja nyaya. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamsifu kwa kazi yake. Kisha nikamwuliza kama amewahi, akiwa mbele ya watu pale, kutamani kuongeza neno lake mwenyewe.

Alitazama kwanza gari la wageni lilipokuwa limeegeshwa. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapana, mama. Nina watoto."

Nikamwambia amefanya vyema, nikaenda kungoja basi la Kahama.